Samaki wa Kigeni Wanaokaa Kigoma Bila Kibali

Mwamini binti Abeid,
Muuza dagaa,
Kasingirima, Ujiji.
Mbalamwezi ya kwanza baada ya Idi, 2016

Kwa Afisa Uvuvi,
Bwana Bonifasi,
Kigoma.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA SAMAKI WANAOISHI NCHINI BILA KIBALI

Ndugu Afisa, mwanangu Bonifasi,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeniamkia, kwa hiyo nimetangulia kuitikia ili tusipoteze muda wa serikali. Nakuandikia kwa heshima zote, na heshima hizo zikiniishia katikati ya barua unisamehe, maana jambo lenyewe ni refu.

Mimi unanifahamu. Ndimi yule mama uliyekula dagaa wake kwa mkopo wa tabasamu ulipohamia huku, ukaapa kwamba kwenu Dodoma hamjawahi kuona kitu kama hiki. Kazi yetu unaijua. Usiku wa giza vijana wanaingia ziwani na taa, asubuhi sisi wanawake tunapokea dagaa, tunaanika mchangani na kugeuza. Mbalamwezi ikitoka, dagaa haoni sababu ya kuifuata taa ya mtu, basi mitumbwi inapumzika. Hapo ndipo tunapouza dagaa mkavu, tunaoza watoto, na tunagombana na waume zetu ambao siku nyingine hatuwapati nyumbani. Mji huu umepangwa hivyo tangu enzi za mababu. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Sato wa barafu hana adabu kwa mwezi. Huyu ni samaki anayefugwa China kama kuku, akapakiwa kwenye boksi, akavuka bahari, akapanda lori mpaka Kigoma. Giza yupo, mbalamwezi yupo. Kwenye harusi ya Lulu, binti wa jirani yangu, wageni walipewa sato wa China wakati gunia langu la dagaa limekaa mlangoni. Mume wangu Haruna, ambaye siku za mbalamwezi alikuwa anakula dagaa mkavu bila kuuliza swali, siku hizi ananusa chungu kwanza, halafu anauliza kama hakuna kingine.

2. Samaki huyu hajahojiwa na mtu yeyote. Hili unalijua, kwa sababu ulikuwepo. Mimi na Rozalia tulikuja ofisi ya kata kumshtaki, tukamleta mwenyewe na boksi lake ndani ya ndoo awe kielelezo. Rozalia, kama umesahau, ni yule mjane wa Rumonge, Burundi, aliyevuka ziwa mwaka jana kukimbia risasi, akashukia kijiji cha Mwamgongo na watu wengine, akapelekwa kambi ya wakimbizi, kisha akatoka bila kibali akaja kwangu akaanza kuanika dagaa. Kirundi chake na Kiha chetu vimenyonya ziwa moja, hakuna mteja aliyewahi kumshtukia. Karani wako akatoa karatasi, akasema hawezi kupokea malalamiko bila vitambulisho vya walalamikaji. Mimi nikatoa changu. Rozalia alilelewa kwamba mtu akikuuliza kwa upole humdanganyi, naye akajibu, “Ego, ndiyo, mimi ni wa Rumonge.” Adhuhuri haijaingia, yuko kwenye gari anarudishwa kambini.

Sato alibaki juu ya meza. Boksi lake lilikuwa limeandikwa alikotoka kwa herufi kubwa, na hakuna aliyemuuliza. Wewe mwanangu ulikuwa unaangalia dirishani. Nasikia jioni kielelezo kililiwa, na karani akasema hakikuwa na chumvi ya kutosha.

3. Kwa hiyo naomba sheria iwe moja. Sato wa China aandikishwe: jina lake, jina la mama yake, kijiji, na sababu ya kukimbia kwao. Achukuliwe alama za vidole, na kwa kuwa hana, pezi litatosha. Apelekwe kambini, apewe unga na maharage, akatazwe kutoka kutafuta kuni. Akitaka kwenda sokoni aombe kibali, asubiri. Kusubiri hakutamsumbua, ameshaganda.

4. Kuhusu mabwawa. Ulipita hapa Kasingirima na kipaza sauti ukitangaza kwamba dunia nzima sasa inafuga samaki, ziwa linachoka, nasi tuchimbe. Kuchimba bwawa kando ya Ziwa Tanganyika, Bonifasi, ni kama kupeleka chumvi Uvinza, inakochimbwa. Lakini nilikwenda kuliangalia bwawa la Pastory, yule fundi baiskeli, ili nisikulaumu kwa ujinga. Nikakuta perege wamezungushiwa uzio. Wanapewa chakula kwa saa, wanahesabiwa, hawaruhusiwi kutoka, na wageni wenye kofia wanakuja kuwapiga picha. Nikasema loo, kumbe kambi naijua! Tofauti niliyoiona ni kwamba perege hawaambiwi washukuru.

5. Tukishika sheria, tuishike yote. Dagaa wetu wenyewe ni wakosaji wakubwa. Usiku wanalala upande wa Burundi, alfajiri wako Kongo, kesho wanasalimia Zambia, na hakuna hata mmoja aliyegongewa muhuri. Rozalia huwaita ndagala, sisi dagaa, wao wanaitika kote. Napendekeza liwekwe geti katikati ya ziwa, na askari wawe ndani ya mtumbwi wamuulize kila dagaa anatoka wapi na anafikia kwa nani. Kundi moja likimalizika kuhojiwa, wajukuu zangu watakuwa wamestaafu.

Na kama kulifunga ziwa ni kazi kubwa, basi ipo ndogo: mwachieni Rozalia.

Nakwambia wazi, mwanangu, sina tena maneno ya kuzungusha. Nimemkosa. Yule mwanamke alikuwa anageuza dagaa huku akiimba nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya kuwatisha kunguru, mimi Mwislamu wa Ujiji nikimwambia apunguze, naye anaongeza. Juzi nilikuwa peke yangu mchangani, nikashtuka ninaziimba mimi. Haruna akaniuliza kama nimebatizwa. Nilicheka, halafu nikakaa chini nikalia, na mvua ikanyeshea dagaa wote kwa kuwa sikuwa na wa kusaidiana naye kuwakusanya.

Nisalimie mkeo Happiness na watoto. Nisalimie dereva wa ofisi, ambaye siku ile angalau aliinamisha kichwa. Msalimie na karani, ingawa kwa mbali. Kama kuna sato aliyebaki kwenye jokofu lenu, naye mwambie nimemtaja.

Ni mimi mama yako, ninayekuombea dua hata nikiwa nimekasirika,

Mwamini binti Abeid

N.B. Sijafunga bahasha, Dismasi anayeendesha gari la maji kule kambini amenipitia. Anasema Rozalia hajambo, na kwamba amekuwa hodari wa kufuga perege kwenye mabwawa ya mradi hata anawafundisha wenzake. Anasema pia kwamba ofisi yako inawaombea kibali walimu kutoka kule waje kuvifundisha vikundi vyenye mabwawa, kibali halali chenye muhuri.

Basi mwanangu, futa namba moja mpaka tano. Kufuga samaki ni jambo la maana sana, dunia nzima inafuga, na ziwa kweli linachoka. Sisi wanawake wa Kasingirima tumeunda kikundi leo hii, na Haruna yuko uani anachimba, ingawa anauliza anachimba nini. Tuletee vifaranga vya aina yoyote, hata wakiwa wa China hatutawauliza wametoka wapi. Mwalimu tunamtaka Rozalia, si mwingine. Na kwenye kibali uandike kwamba wanafunzi wake ni wazito sana wa kuelewa, somo hili litachukua miaka.