Hata Awe Nani

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye nyumba na waliopanga, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi ukatili wa majumbani utakuwa unatambulika rasmi. Kabla ya hapo ulikuwepo, hilo hakuna anayebisha, lakini ulikuwepo kienyeji tu, bila utaratibu, kila mtu akiumizwa kivyake. Sasa Idara ya Amani ya Majumbani imeandaa mafunzo ya juma zima kwa walezi wa vijana, wale wanaoshinda na watoto wa watu viwanjani, kwenye vilabu na kwenye madarasa ya jioni, ili wazijue dalili, na wakishaziona wajue la kufanya.

Tangazo hilo aliliandika Mkurugenzi wa Idara mwenyewe, na kabla ya kulitia saini alilisoma mara kadhaa mbele ya kioo. Alikuwa mwanamume wa haiba, suti imemkaa utadhani alizaliwa nayo, na sauti yake ingetosha kuendesha mnada bila kipaza sauti. Somo lile hakuna aliyelijua kumshinda. Wataalamu wengine hutafuta maarifa vitabuni. Yeye aliandika Mwongozo mzima kutoka kichwani, sebuleni kwake, asifungue kitabu hata kimoja. Watu walishangaa amezitoa wapi dalili zote zile. Alitabasamu tu, maana hapendi kujisifu.

Kazi kubwa ilikuwa lugha. Kamati ya Istilahi ilikaa, ikanywa chai, ikakaa tena. Neno "kipigo" lilionekana kali mno, linaweza kuwavunja moyo wanaopiga, likabadilishwa kuwa "mguso usioratibiwa". Kumfungia mtu ndani kukawa "uhifadhi wa mwenza". Kumtukana mbele ya watoto kukaitwa "maoni ya wazi ya ngazi ya kaya". Siku ya kwanza tu ya mafunzo, mlezi mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mwanamke mfupi anayefundisha mpira wasichana wa mtaani kwake, kila mtu akimwita Kocha, sauti imemkauka kwa kupiga kelele uwanjani, na filimbi haivui shingoni hata darasani.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Kocha. "Mtoto akija kwangu analia, ananiambia mama yake amepigwa jana, nimwambie mama yake ameguswa bila kuratibiwa?"

"Mwambie hivyo, halafu umpe pole."

"Pole imo kwenye Mwongozo?"

"Imo kwenye kiambatisho," Mkurugenzi alisema, akageuza ukurasa.

Lakini tusimnyime haki yake, mafunzo yalinoga. Mkurugenzi alibuni mchezo. Inasimuliwa kisa, na yeyote anayeona dalili ananyoosha mkono na kusema "Nimeona", papo hapo anapewa soda. Mwanzoni watu walinyoosha mikono kwa kiu tu. Kufikia Jumatano macho yalikuwa yamefunguka mpaka madereva na mafundi mitambo, waliokuwa wameingizwa ukumbini kujaza viti, walikuwa wanaona. Mtu anayemjibia mwenzake maswali: nimeona. Anayeshika simu ya mwenzake: nimeona. Anayemkataza kwenda kwa ndugu zake: nimeona. Bwana Itifaki, afisa wa kufungua milango na kubeba mkoba wa Mkurugenzi, ndiye aliyegawa soda, na mgongo ulimuuma kwa kuinama kwenye kreti.

Na kulikuwa na maneno matatu ambayo Mkurugenzi aliyapenda kuliko yote. Hatua ya tano na ya mwisho ya Mwongozo ilisema kwamba mtuhumiwa atasimamishwa kazi na kuhojiwa. Mkurugenzi aliisoma, akaona imepwaya, inahitaji utamu, akaongeza mwishoni: hata awe nani. Wafadhili waliposikia walifuta machozi. Tangu hapo akawafundisha wanafunzi wake wote wayaseme kwa pamoja, yeye anaanza "hata", wao wanamalizia "awe nani", kisha ukumbi mzima unapiga makofi, yeye akiwa wa kwanza.

Ijumaa, siku ya kufunga, alikuja Katibu Mkuu wa Wizara, mama wa miwani minene na maneno machache. Ilisemekana anatafuta mtu wa kumpandisha cheo. Ilisemekana pia anapenda viongozi wenye familia tulivu, kwa hiyo Mkurugenzi alikuja na yake.

Mama Mapacha, mke wa Mkurugenzi, alikuwa mtulivu kweli. Mapacha wenyewe walishakuwa wakubwa, wako chuoni, na likizo zote walikuwa wanakwenda kwa mama yao mkubwa, dada yake huyu mama. Yeye mwenyewe hakuwa amekanyaga kwa dada yake miaka mingi. Aliomba, akaambiwa dada yake ana maneno mengi. Aliomba tena, na baada ya hapo alivaa nguo za mikono mirefu juma zima. Hakuomba tena kwa mdomo, ila hata ungemwamsha usingizini ukamuuliza anataka nini duniani, angekujibu hicho kimoja: kufika kwa dada yake, afunge mlango, alale. Mkurugenzi, kwa upande wake, alimlea kwa upendo. Alimtunzia simu yake kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo, asije akasumbuliwa na watu.

Wakati wa chai Kocha alimsogelea.

"Shikamoo, mama. Nikuwekee sukari?"

"Hatumii sukari," alisema Mkurugenzi.

"Umependeza, mama. Safari ilikuwa njema?"

"Njema kabisa," alisema Mkurugenzi.

"Na jina lako, mama, ni nani?"

"Mama Mapacha," Mkurugenzi alisema, akicheka kwa ukarimu. "Kocha, mwache mwenzio anywe chai."

Kocha alimtazama yule mama. Yule mama alitazama kikombe. Mkono wa Kocha ulianza kupanda wenyewe, akaurudisha chini, akaenda kukaa.

Baada ya chai ukafika wakati wa igizo. Walezi wawili walipangwa, mmoja awe mume mkali, mwingine awe mke, na wengine waje kuokoa kwa kufuata hatua tano. Jukwaani iliwekwa meza, viti viwili, jagi la maji na glasi, karibu na dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya hewa. Mlezi aliyecheza mume alikuwa mpole kupindukia. Alimwambia mkewe, "Tafadhali, umechelewa kidogo," na jasho likamtoka.

Mkurugenzi hakuvumilia. Mbele ya Katibu Mkuu, wapi. Alivua miwani, akapanda jukwaani, akamwondoa yule kijana. "Hivi sivyo," alisema. "Niachieni mimi. Mke yuko wapi?" Mlezi wa kike akarudi nyuma, amepatwa na aibu. Bwana Itifaki, anayejua fursa ikipita, akainama sikioni kwa Katibu Mkuu, kisha akatangaza kwamba itapendeza sana Mama Mapacha mwenyewe akishiriki na mwenzi wake katika kujenga taifa. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Mapacha akasimama, akapanda ngazi.

"Mimi nimerudi nyumbani," Mkurugenzi aliuelezea ukumbi. "Nimechoka. Nimemkuta amekaa. Tunaanza."

Akashusha pumzi, akabadilisha uso. Kusema kweli alikuwa fundi. Hakupayuka. Alianza chini chini, karibu kwa upole. "Nani alikuja hapa leo?"

Mama Mapacha aliinuka. Alikwenda dirishani, akalifunga, akasukuma na komeo. Akarudi mezani, akachukua glasi iliyokuwa karibu na mkono wa mume wake, akaiweka mbali sakafuni, na jagi nalo akalisogeza. Kisha akavua hereni zake, moja baada ya nyingine, akazitia kwenye mkoba. Akasimama na mikono pembeni, akisubiri.

Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye lolote kati ya hayo. Mkurugenzi wala hakuona ajabu. Aliona ni mambo ya kawaida, ndivyo inavyokuwa, akaendelea na maneno yake kwa raha zote: nakuuliza wewe, unanidharau, unafikiri utakwenda wapi, nani atakupokea. Katibu Mkuu aliacha kuandika.

Kocha akapuliza filimbi.

Alipanda jukwaani na walezi wengine wawili, akasimama katikati ya mume na mke, kifua mbele, yeye akifika begani kwa Mkurugenzi. "Inatosha," alisema.

"Hatua ya kwanza, kutenganisha," Mkurugenzi alisema pembeni ya mdomo, amefurahi. "Kumi kwa kumi. Endelea."

Kocha alimgeukia mama. "Mama, hapa uko salama. Unataka tufanye nini?"

"Anataka—" alianza Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, Mwongozo unasema anayeulizwa ndiye anayejibu."

"Kumi kwa kumi," alisema Mkurugenzi, akiugeukia ukumbi. "Mnaona? Sikumkumbusha mimi."

Mama Mapacha alifungua mdomo, na walio wengi pale ukumbini ndiyo mara ya kwanza waliisikia sauti yake. Ilikuwa nzuri, nzito kidogo. "Nataka kwenda kwa dada yangu," alisema. "Sasa hivi. Sitaki kupita nyumbani."

Mkurugenzi alipigwa na furaha. Uigizaji wa namna ile hakuutegemea kwa mkewe. "Usafiri," alimnong'oneza Kocha, "usisahau usafiri, ndiyo hatua ya tatu."

"Hatuna gari, Mheshimiwa."

Basi hapo akaonyesha ukubwa wake. Akamwita dereva wake, Suka, aliyekaa safu ya nyuma na soda yake, akamrushia funguo mbele ya watu wote. "Chukua langu. Tufanye kwa uhalisia. Wapeleke wanakosema."

"Mpaka kabisa, Mheshimiwa?"

"Mpaka kabisa."

Mama Mapacha alishuka ngazi, Kocha upande mmoja, mkoba upande mwingine. Alipofika katikati ya ukumbi hatua zake ziliongezeka, na mlangoni alikuwa karibu anakimbia. Mkurugenzi aliongoza makofi mpaka gari liliposikika likitoka getini. Akatangaza kwamba kundi zima limepata alama zote, akasaini vyeti vyao palepale, akamwomba Katibu Mkuu asaini kama shahidi, naye akasaini.

Fundi mitambo akambana Mkurugenzi kipaza sauti kidogo kifuani, ikafuata hotuba. Ikafuata hotuba nyingine. Kocha akarudi kwa miguu yake, ameshuka njiani mama alipomhakikishia kwamba ametulia, akakaa kwenye kiti chake. Nafasi ya Mama Mapacha ikabaki wazi, pembeni kabisa ya Katibu Mkuu, na picha ya pamoja ilikuwa inasubiriwa.

Mkurugenzi alimpigia Suka, akaweka sauti wazi ili watu wafurahi. "Suka, igizo limekwisha. Mrudishe mama."

"Mheshimiwa, nimeshamfikisha salama," ilijibu simu. "Wapi, sisemi. Hatua ya nne, usiri wa makazi. Ulitufundisha mwenyewe Jumatano, na nikapata soda." Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wawili, mmoja akilia, mwingine akicheka, kisha wote wawili wakicheka. Simu ikakatwa.

Mkurugenzi akalegeza tai.

"Si umpigie mkeo mwenyewe," alisema Katibu Mkuu.

"Aah, Mheshimiwa, simu yake ameisahau nyumbani. Unawajua wanawake."

"Nawajua," alisema Katibu Mkuu.

Sasa Bwana Itifaki ni mtu wa kujituma. Namba ya Mama Mapacha alikuwa nayo, ya kumtumia mialiko, na wakati wakubwa wanazungumza yeye alishabonyeza, ili atoe msaada kabla hajaombwa. "Inaita, Mheshimiwa," alisema kwa fahari.

Ilikuwa inaita. Ilikuwa inaita kwenye koti la Mkurugenzi, upande wa moyo, mlio wa ndege wadogo wa asubuhi, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kifuani kwake, wale ndege waliimba ukumbi mzima.

Fundi mitambo ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. "Nimeona," alisema. Kisha Kocha. Kisha safu ya mbele, safu ya kati, madereva nyuma, walezi wote, nimeona, nimeona, mpaka mikono ikafunika bango la kukaribisha wageni. Katibu Mkuu akavua miwani, akanyoosha wa kwake. Bwana Itifaki alimtazama bosi wake, akaitazama simu mkononi, akawatazama watu. Mkono wake ulipanda polepole, wa mwisho, halafu akaenda kuinamia kreti, maana hesabu ya soda ilikuwa kubwa.

"Tulikuwa tunaigiza," alisema Mkurugenzi.

"Igizo liliisha mama alipofunga dirisha," alisema Katibu Mkuu. "Kocha, hatua ya tano inasemaje?"

Kocha hakuhitaji kufungua Mwongozo. "Mtuhumiwa atasimamishwa kazi na kuhojiwa, Mheshimiwa."

Katibu Mkuu aliugeukia ukumbi. "Hata?"

"Awe nani," ukumbi uliitikia kwa sauti moja, na makofi yakalipuka. Na mikono ya Mkurugenzi, kwa mazoea ya juma zima, ilikuwa ya kwanza kupiga.