Kakakuona Alipita Unga na Maji, Akanijia Mimi

Leo nimeaibika, na ushahidi uko kwenye simu ya shemeji yangu. Nawasimulia mwenyewe kabla hajautuma huku.

Wana-kundi wa Leta Ushahidi mnanijua. Mtu akituma humu habari ya nyoka mwenye vichwa saba, mimi ndiye wa kwanza kumuuliza kaitoa wapi. Huku Tunduma mpakani, ofisini kwetu tunakogomboa mizigo, madereva walishaacha kunisimulia ndoto zao. (Mmoja nilimwambia ndoto yake ni ugali wa usiku tu. Alininunia wiki nzima.)

Sasa leo ilikuwa siku ya kwenda Hasamba, nyumbani kwa kina Tumaini, mchumba wangu. Mshenga alishapeleka barua, na jibu la baba yake lilikuwa fupi: "Huyo kijana nasikia anabishia kila kitu. Aje nimwone mwenyewe." Kwa hiyo kuoa au kutooa kwangu kulitegemea mchana mmoja. Tumaini alinipigia simu mara tatu nikiwa njiani, na neno lilikuwa lile lile: "Leo usibishe. Wakisema jua lina pembe nne, wewe sema ndiyo baba."

Nikaapa. Nilikuwa nimevaa suruali ya kitambaa, imepigwa pasi mpaka inakaribia kusimama yenyewe.

Nafika, uwanja umejaa watu. Nikadhani wamekuja kuniona mimi (kujipendelea nako ni ugonjwa). Kumbe asubuhi kakakuona ameonekana kwenye shamba la kahawa la mzee. Yuko katikati ya uwanja, amejiviringisha, magamba matupu. Maofisa wa wanyamapori wameshapigiwa simu, wako njiani, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Lakini kumuuliza mwaka utakuwaje, hilo nani angelikataza? Mbele yake wamepanga vitu vitatu: bakuli la maji, ungo wenye unga, na panga. Akiyaendea maji, mvua nzuri. Akiuendea unga, chakula tele. Akiliendea panga, vita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefika wakati mzuri. Huko Tunduma haya mnayaamini?"

Tumaini alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Aliniangalia kwa macho ya kusihi.

"Baba," nikasema, "kwa kweli..."

(Mdomo huu nimerogwa nao. Namaanisha sijarogwa, mmenielewa.)

Nikapanda juu ya kilima kidogo cha udongo kando ya migomba ili wote wanisikie, nikaanza somo. Kwamba kakakuona hana jino hata moja. Kwamba ulimi wake ni mrefu kiasi kwamba shina lake liko huko chini kifuani. Kwamba macho yake hafifu, anaishi kwa pua. Kwamba anatembea kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele kaikunja kifuani kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani.

"Na chakula chake ni sisimizi na mchwa, baba. Hajui mvua, hajui vita. Ataenda kunakonukia sisimizi, basi."

Mzee akanitazama. "Umemaliza?"

"Bado kidogo."

Wakati huo kakakuona akajikunjua. Akainuka, akaanza kutembea vile vile nilivyosema, mikono kifuani. Akayapita maji. Akaupita unga. Panga hata hakulinusa. Akakata kona, watu wakampisha, akaja moja kwa moja mpaka miguuni pangu. Ulimi ukatoka, ukaanza kulamba kiatu changu.

"Kamchagua mkwe," akasema bibi mmoja, taratibu kabisa. Wengine wakaanza kunong'ona kwa Kinyiha, na katika yote nilichoambulia ni neno "Tunduma".

Mimi nikaona ushindi. "Si nilisema? Amefuata sisimizi!"

"Sisimizi wako wapi?" akauliza mzee.

Nikatazama chini. Kiatu changu cheusi kilikuwa kinatembea, na mimi nimesimama. Kile kilima kilikuwa nyumba yao. (Siafu ni wengine, msinianze.) Soksi walishazipita kitambo, nami kwa utamu wa kuhutubia sikusikia kitu. Wa kwanza aliuma juu ya goti. Wa pili alipouma sipataji.

Hapa niwaeleze mlio mbali. Kwa wakwe zangu hawa, mama mkwe humpi hata mkono. Ukikutana naye unampisha njia na unainamisha macho. Mama mkwe alikuwa hatua tano mbele yangu. Mkanda, zipu, suruali chini.

Nilizunguka uwanja mara mbili nikijipiga mapaja, ndani ya boksa ya waridi yenye vikatuni vya bata (mitumba, jamani, mitumba). Mama akajifunika kitenge uso mzima. Shemeji, kaka yake Tumaini, akainua simu. Kakakuona peke yake ndiye aliyeendelea na kazi, anakula ndani ya suruali yangu.

Na hapo ndipo gari la maofisa lilipoingia. "Tumeambiwa kuna mnyama adimu hapa," akasema mmoja.

Mzee akanyoosha kidole kwenye mgomba niliojificha nyuma yake.

Walimchukua kakakuona vizuri tu, wakaenda kumwachia porini. Mimi nikaitwa ndani nikiwa nimefungwa kitenge cha kuazima. Nilikaa nikisubiri kufukuzwa. Roho iliniuma kuliko wale sisimizi, maana Tumaini nampenda.

"Kijana," mzee akaanza, "nilikuwa na wasiwasi. Watu wa mpakani mna mengi ya kuficha. Wewe kuanzia leo huna." Mabega yakaanza kumcheza kwa kicheko. "Binti utampata. Ila utaleta mbuzi wa kumfuta mama yako aibu machoni."

Swali likanijia mpaka mdomoni. Mbuzi anafutaje? Ushahidi uko wapi? Nikalimeza lote.

"Ndiyo baba."

Sasa nimerudi Tunduma, nimekaa kwa upande mmoja, napaka dawa. Ujumbe wa Tumaini umeingia sasa hivi: "Wewe mtaalamu wa wanyama, jina lake sasa umelielewa? Mama kakuona. Baba kakuona. Kaka kakuona."