Chumba cha Mwenzi wa Tulia

Katubuka, Kigoma
Jumatatu, 8 Juni 1998

Dada Veneranda, shikamoo. Habari za Tabora? Mguu umepoa? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha au bado wanalala pamoja? Huku mimi mzima kwa neema ya Mungu, ila meno. Ulinilaumu kwamba nakuandikia Krismasi hadi Krismasi. Haya! Nimenunua daftari. Nitaandika siku kwa siku kama mtu anayejisemea, halafu nitamkabidhi abiria wa treni akuletee. Usimsomee mtu.

Habari kubwa: nina sungura. Jike. Mweupe, sikio moja limelala. Nimemwita Tulia. Nimepewa na Mama Marsiana, yule mkimbizi wa kutoka ng'ambo anayekaanga mihogo kule Bangwe. Alivuka ziwa mwaka wa tisini na sita na sufuria moja na kitenge alichovaa. Nilimzibia paa lake lililovuja, akanishukuru kwa sungura. Yeye amebaki na dume.

Shida: Tulia hali. Anaonja jani moja, anageukia ukuta. Nimemwekea matembele, nimemwombea. Wapi! Nikashuka Bangwe kuuliza. Mama Marsiana akafuta mikono, akasema, "Papa Eliakimu, sungura moja haikai peke yake. Itakufa na mawazo."

Papa! Kwao ndiyo baba; hapa kwetu Papa ni mmoja tu, yuko Rumi. Nilirudi Katubuka bila kuuhisi mlima wa njiani.

Ila alisema na jambo ambalo halikunifurahisha. Jina lake limo katika orodha ya wanaorudi kwao. Meli ni Jumamosi ya tarehe 20. Dume hapandi meli. Atampa mtu mwenye mahali pa kumweka vizuri, na Alhamisi ya wiki ijayo atakuja kwangu kukagua. Asiporidhika, dume ataenda kwa Gervasi.

Gervasi! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anamwangalia Tulia jinsi watu wanavyoangalia sufuria ikichemka. Nje simweki sungura: kuna nguchiro, kuna mbwa, kuna Gervasi. Basi nitajenga kizimba ndani ya nyumba. Chenye vyumba viwili. Cha Tulia, na cha mwenzi atakayekuja.


Jumanne, 9 Juni

Nimechora kwa mkaa sakafuni. Sebule yote. Meza imetoka nje. Makochi yametoka nje. Sina wageni wengi, tangu mke wangu atangulie mbele ya haki.

Mkono wa kulia chumba cha Tulia. Mkono wa kushoto chumba cha mwenzi, kikubwa zaidi, kwa kuwa mgeni asibanwe. Katikati mlango mdogo, wasalimiane kwanza, wasikurupukiane. Mbele baraza, chini ya dirisha la upande wa ziwa. Sungura naye ana macho.

Nilijilaza ndani ya mstari wa chumba cha mwenzi kukipima. Sakafu ya baridi, tamu. Usingizi ukanichukua. Niliota masikio manne dirishani, na nyuma yake ziwa limelala bila kunjo, na milima ya ng'ambo inaonekana moja moja kama mtu ameiosha. Jikoni mtu anakaanga mihogo, anaimba chini chini. Uso sikuuona. Sikutaka kuamka.

Nikasikia maneno ya Kilatini. Mzee Dismasi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, amepita kunisalimu, kanikuta chali, mikono kifuani, mistari ya mkaa imenizunguka. Alikuwa ameanza sala ya wanaokata roho. Nilifumba macho nikamwacha amalize. Si vizuri kukatiza sala.


Ijumaa, 12 Juni

Siku mbili nimesuka ukuta kwa makuti ya mchikichi. Mbichi, ya kijani, yananukia. Dada, ulikuwa ukuta! Jana jioni niliketi mbele yake nikinywa chai, nikisikia Tulia anatembea ndani, pita, pita, kama mtu anayetafuta kandambili zake. Nikawaza: akija wa pili itakuwa pita, pita, pita, pita. Nyumba itajaa.

Asubuhi hakuna ukuta wa kushoto. Tulia ameula! Amebakiza uti wa kuti, na tumbo limemvimba kama la mjumbe wakati wa sherehe. Sikujua nilie au nishukuru. Nilishukuru. Angalau amekula.

Gervasi alichungulia dirishani. Akasema mtu anayejenga jela ya mboga asishangae mfungwa akinenepa. Na akishanenepa, nyumbani kwake chumvi ipo. Nilimwambia Mungu anamwona. Akajibu kwamba hata yeye anamwona, amekaa pale, paja hilo.


Jumapili, 14 Juni

Kanisani. Nakiri kosa: mahubiri sikuyasikia, wala matangazo. Nilikuwa nachora mlango wa katikati nyuma ya karatasi ya nyimbo. Mama Marsiana alikaa benchi la tatu, kilemba cha njano. Jua lilipita dirishani likatua kwenye kile kilemba, likakaa pale tangu Injili hadi matoleo. Jua lina akili.

Nilikuwa na sentensi tayari. Fupi. "Mama Marsiana, usiende." Niliikariri wakati wa komunyo, Bwana anisamehe. Nje, chini ya kengele, nikamfikia. Akanitazama, akangoja. Nikamuuliza dume lake hupenda kulala upande gani.

Akasema, "Upande wa mwenzake."

Nimeandika. Itasaidia katika vipimo.


Jumanne, 16 Juni

Ushindi! Nimepata kitu ambacho sungura hali: wavu. Hamdani, mvuvi wa dagaa pale Bangwe, kanipa wavu wake mkuukuu bure. Alisisitiza niufue kwa sabuni na kuuanika jua la siku tatu. Siku tatu sina. Na mimi sisikii harufu yoyote. Mtu aliyezaliwa Kigoma atasikiaje harufu ya dagaa? Ni sawa na kusikia harufu ya hewa.

Nimeutundika toka ukuta hadi ukuta, na juu nimeufunga kwenye kenchi. Laini, mweupe kidogo, upepo wa ziwa ukiingia unavimba na kushuka. Tulia nyuma yake kama bibi harusi. Nimekaa saa nzima namtazama. Chumba cha mwenzi nimekiwekea nyasi kavu na kopo jipya la maji. Nimeingia kulainisha nyasi mara tatu. Mwenzi yeyote angependa kukaa pale.


Alhamisi, 18 Juni

Dada, keti kwanza.

Saa kumi na moja jioni nimevaa shati la Pasaka, namngoja Mama Marsiana aje kukagua. Mlango unabishwa. Mzee Dismasi. Nyuma yake jumuiya nzima, watu kumi na wanne, rozari mkononi. Zamu ya sala ilikuwa kwangu! Ilitangazwa Jumapili, nikiwa nachora mlango.

Sebule haipo. Ipo ya sungura. Nikasema tusali nje. Mzee akasema makochi ya nje yana kuku, na nyumba ya Mkristo haifukuzi sala. Akainua wavu akaingia kizimbani, akaketi. Wengine wakamfuata wameinama kama wanaingia pangoni. Wembamba chumba cha Tulia, wanene barazani. Gervasi akajibanza kwenye mlango wa kusalimiana, nusu huku nusu kule. Akauliza maji ya kopo ni ya wote au ya mwenye kopo.

Ndipo akafika Mama Marsiana. Nafasi ilibaki moja tu: chumba cha mwenzi. Akaketi kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akampakata Tulia. Kilitosha, dada! Kama nilimpima yeye!

Fumbo la kwanza la rozari, salama. Fumbo la pili, paka mmoja mlangoni. Nikadhani anapita. Fumbo la tatu, paka tisa, nikaacha kuhesabu kwa sababu mimi ndiye niliyeongoza sala. Paka wa Katubuka, paka wa Rusimbi, na mmoja wa kijivu naapa nilimwona Bangwe kwa Hamdani. Wakaupanda wavu. Kenchi ikalia. Wavu wote chini, juu ya jumuiya.

Mzee Dismasi hakuacha sala. Alisema fumbo halikatwi katikati, akaendelea humo humo, kidole kimenasa kwenye tundu. Gervasi akapiga kelele kwamba ameishi miaka arobaini na tano hajawahi kuwa mgebuka wa kuvuliwa. Mama Marsiana alicheka mpaka machozi, Tulia kamficha ndani ya kitenge, paka watatu wamekaa begani kwake kwa heshima.

Tulipomaliza, kabla hatujanasuliwa, akanigeukia. Akasema taratibu, ila watu wote walikuwa kimya, "Papa Eliakimu, hiki chumba nilichokaa ni kizuri. Kinangoja nani?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata vya paka.

Nikajibu ukweli. Nikasema, "Dume."

Jumuiya nzima ikaguna. Mzee Dismasi, toka chini ya wavu, akanisihi: ongeza neno, ndugu yangu.

Nikaongeza. "Dume lako la kijivu."


Jumamosi, 20 Juni

Bandarini. Watu, mikeka, mabeseni, godoro moja lenye watoto wanne juu yake. Wanaoitwa majina wanaitikia. Ziwa lilikuwa na ukungu wa kiangazi, ng'ambo haionekani kabisa. Unaona meli inaelekea kwenye weupe tu.

Nilikwenda na sentensi yangu. Njiani nilikuwa nimeirefusha ili iwe na adabu, mpaka nilipofika ilikuwa na salamu, aya ya Zaburi na habari za hali ya hewa, na lile neno lenyewe sikulikuta ndani.

Alinikabidhi dume ndani ya kikapu. Alisema kizimba changu ni kibaya kuliko vyote alivyowahi kuviona, na amepita kambi mbili. Lakini mwenye kizimba hana kisu moyoni, basi. Akasema anakwenda kutazama kaburi la mama yake na kama nyumba ina paa. Hajafungwa kamba kule. Boti zinakwenda na zinarudi. Akanipa jina la binamu yake wa Uvira. "Mtu akiwa na neno, aandike. Mimi nasoma."

Jina lake likaitwa. Akasubiri kidogo. Likaitwa tena.

Nikasema asante kwa dume.

Alinitazama kama mtu anayetikisa kibiriti akakuta hakina njiti. Akaitikia jina lake, akapanda.

Nilisimama hadi weupe ukaimeza meli. Macho yaliniuma. Vumbi la bandarini ni baya mwezi huu.


Jumapili, 28 Juni

Dada, mambo yamenyooka! Nimejenga upya kwa mbao za mitumbwi chakavu. Hakuna wa kuzila, hakuna paka. Tulia anakula. Dume naye ametulia, nimemwita Subira. Gervasi amekuja, ametazama, ameondoka bila kutaja chumvi.

Jambo moja tu. Wanalala pamoja chumba cha Tulia, kile kidogo, wamebanana ubavu kwa ubavu. Chumba cha mwenzi hakina mtu. Nyasi safi, maji safi. Jioni jua linaingia pale peke yake, linakaa mpaka linachoka.

Nimewaza sana. Nimeomba. Jibu nimelipata: nimemwandikia Mama Marsiana. Kurasa nne! Boti inaondoka kesho. Nimemweleza afya ya Tulia, choo cha Subira, aina za mbao, na kwamba chumba kipo wazi, futi sita kwa nne, kina dirisha la ziwa. Mzee Dismasi kaisoma barua yote. Kavua miwani, kaifuta, kasoma tena. Akauliza neno liko wapi.

Nikamwonyesha: ukurasa wa nne, chini kabisa, nimelipigia na mstari. Nimemuuliza Mama Marsiana ni mnyama gani anafaa kuwekwa pale.

Mzee amekwenda zake. Chai hakuinywa.

Mimi nafikiria bata. Kwa shemeji mlikuwa nao zamani. Je, bata hujali ukubwa wa chumba? Hupenda dirisha? Nijibu mapema, dada, kwa sababu mbao nimeshakata na misumari ipo mdomoni.

Ndugu yako mpenzi,
Eliakimu