Koti la Mchana na Usiku

Jumatatu, 4 Machi
Ijumaa mwenye karakana ya ushonaji anakuja chuoni kumchagua mmoja wetu akafanye kazi kwake. Mmoja! Bila shaka mimi. Kila mtu ashone koti la mahameli. Mwalimu kasisitiza jambo fulani kuhusu kukata. Sikulipata vizuri. Nilikuwa nachora saini ya lebo yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekuwa wa kwanza kukata! Sindano, mshindani wangu mwenye ulimi wa kuchoma, kauliza mbona sikugeuza karatasi ya kipimo cha mkono wa koti kabla ya kukata mkono wa pili. Nikamwambia ashughulike na lake.
Jioni nimeunga mikono. Yote miwili ya kushoto.

Jumatano, 6 Machi
Mahameli imebaki kipande. Nikapindua karatasi upande wa pili, nikailaza juu chini ili itoshe, mkono wa kulia ukapatikana. Akili hizo! Ila mkono mmoja mweusi ti, mwingine unang'aa kijivu. Kitambaa kile kile! Kumbe vinyweleo vya mahameli vikielekea juu, rangi hubadilika. Ndilo jambo alilolisisitiza mwalimu.
Nyumbani shangazi kauliza, baba, huo mkono umeunguzwa na pasi? Nikamwambia ni ubunifu. Unaitwa Mchana na Usiku. Kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 7 Machi
Sindano kashinda akishona bitana, kile kitambaa cha ndani ya koti, kwa mkono. Maskini. Nani ataangalia ndani? Yangu nimeibandika kwa gundi.

Ijumaa, 8 Machi
Kaangalia ndani! Mama mwenye karakana hakusikiliza hata hotuba yangu. Kaingiza mkono kwenye Mchana, ule mkono wa kijivu, ili aligeuze koti. Gundi haijakauka. Kanasa mpaka kwenye kiwiko.
Sindano kaficha uso. Nikachukua kifumulio cha nyuzi, nikafumua mkono wote kufumba na kufumbua, mama akawa huru. Kauliza nimejifunzia wapi kufumua hivyo. Mwalimu kanijibia: huyu hafanyi kingine.
Kamchukua Sindano akashone. Kisha kanigeukia: na wewe njoo, nina mlima wa suruali za kufumua.
Wawili! Nyumbani shangazi kapiga vigelegele.

Jumatatu, 11 Machi
Karakanani. Suruali zinafika dirishani. Sindano ndiye atakayezishona upya, kwa hiyo ananisimamia. Kifumulio kinachelewesha mno. Nimeona wembe kwenye droo. Mama kaonya jambo fulani kuhusu wembe. Sikulipata vizuri. Nilikuwa nachagua ukuta wa kutundika picha yangu.