Matairi ya Kumbebea Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe anastaafu. Amekagua magari ya watu kwa miaka thelathini na minne, na Jumamosi hii wenzake wa ofisini wanamfanyia sherehe ya kumuaga. Leo asubuhi alikuja kwenye chumba changu cha ushonaji nimpime suti. Nikampima amesimama, kisha nikamwomba akae kwenye stuli, nikampima tena kiuno na mapaja. Akauliza kwa nini mara mbili. Nikamweleza kwamba suruali inayompendeza mtu aliyesimama inaweza kumwaibisha akikaa, na siku hiyo atakaa sana kusikiliza hotuba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuridhika kwa baba mkwe ni kitu adimu, ndiyo maana nakiandika.

Kisha akaniharibia siku. Alisema ukumbini atapelekwa na mwanyumba wangu.

Mwanyumba ni mume wa dada wa mke wangu. Anauza dawa, ni mpole, hapigi honi hata akichomekewa barabarani. Gari lake na langu ni pacha, toleo moja, mwaka mmoja, lake jeupe, langu la kijivu. Kwa hiyo tatizo si gari. Tatizo ni gurudumu moja. Miaka tisa iliyopita nilimbeba baba mkwe, gurudumu la mbele likachomoka, likatupita, likatangulia mpaka kwenye uwanja wa shule. Nati nilikuwa nimezikaza kwa vidole tu. Ni mazoea ya kazi: nguo naipiga bandi kwanza, mishono ya muda ya kuishikilia, halafu naimalizia kwa cherehani. Nati nilipanga kuzimalizia jioni. Gurudumu halikusubiri jioni.

Tangu siku hiyo hajaingia ndani ya gari langu. Nikimkaribisha anasema anataka kunyoosha miguu. Miaka tisa ya kunyoosha miguu! Inatosha. Jumamosi atapanda kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri nikiwa kwenye cherehani. Jicho la baba mkwe likiliona gari, linaanzia chini. Maisha yake yote ni hivyo. Basi nitambadilishia cha chini.

Nimekwenda kwa Presha, fundi wa matairi wa barabara ya nyuma. Ana rimu nyeusi zenye kingo za fedha, inchi kumi na saba, na matairi mapana juu yake. Karibu nipige magoti. Za kwangu ni za inchi kumi na tano, zinafanana na visahani vya chai.

Presha hakufurahi pamoja nami. Alifungua mlango wa dereva, akanionyesha kibandiko kwenye nguzo: 185/65 R15, na chini yake kiasi cha upepo. Akasema aliyelitengeneza gari ndiye aliyekiandika. Nikamwambia mimi nashona lebo za saizi kwenye nguo kila siku, najua zina ukweli kiasi gani. Akauliza kama huwa nabeba watu. Nikamwona anaanza kuingilia maisha yangu.

Nikatoa futi yangu nikapima nafasi kati ya tairi na digadi, lile bati linalolifunika kwa juu. Kwa hesabu yangu rimu mpya zikiingia vitabaki vidole viwili. Kwa fundi nguo vidole viwili ni anasa. Kuna wateja wangu wanapumua kwa kidole kimoja.

Jumatano, 5 Machi

Tumebadilishana. Yeye kachukua yangu manne, mimi nimechukua yake manne. Yangu yalikuwa bado mazuri, mifereji mirefu, yamelika sawasawa, kwa sababu kwa miaka tisa nimeyatunza kama mtu anayesubiri mgeni. Kabla hayajatolewa niliyaandika namba ubavuni kwa chaki ya bluu, moja hadi nne, kama ninavyoandika vipande vya kitambaa. Presha aliuliza za nini, maana hayarudi. Mazoea tu.

Rimu za kwanza alizoleta zilikuwa na matundu matano, na gari langu lina nati nne. Nikashauri tundu moja tuliache wazi. Presha alienda kunywa maji. Aliporudi alikuwa na seti nyingine, ya matundu manne, akazifunga kwa spana kwa kukingamisha, nati hii kisha ile ya upande wa pili. Alisema nikisikia mkwaruzo wowote nirudi siku hiyohiyo.

Nimepita mbele ya duka la dawa mara tatu. Mara ya tatu mwanyumba alitoka nje, akasema zimependeza, akauliza kama hazigusi digadi nikibeba watu. Wivu umemjaa hadi kooni, na bado anatabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea baba mkwe koti alijaribu. Gari nililiegesha mbele ya dirisha la sebuleni. Alijaribu koti akiwa anatazama dirisha, mpaka bega la kushoto nikalipima mara mbili. Akauliza ni saizi gani ile. Nikasema ya kutosha. Akauliza kama nimesoma kibandiko. Nikamwomba ainue mkono nione kwapa.

Mama mkwe ndiye aliyeniokoa. Alichungulia, akasema gari limekuwa kama la bwana harusi, na yeye Jumamosi anapanda hilo. Baba mkwe akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Kisha akasema sawa, kwa ajili ya mama yenu.

Nimeendesha kurudi nyumbani nikiimba. Nina furaha kwelikweli. Miaka tisa si mchezo.

Ijumaa, 7 Machi

Tatizo dogo. Nilienda kuchukua vitambaa vya dukani, majora saba kiti cha nyuma, mke wangu mbele. Kona ya kwanza ya kulia, krrrr! Mke wangu alidhani tumeburuta bati. Nikashuka kukagua. Nikiwa peke yangu gari haligusi kitu. Likibeba mzigo linakaa chini, na nikikata kulia linalalia kushoto, ambako digadi imebonyea tangu nilipogongana na nguzo ya geti letu. Tairi linaparuza pale.

Mke wangu akasema tugeuze sasa hivi turudi kwa Presha. Nikamwambia baba amekubali kupanda gari hili lilivyo, siwezi kumletea jingine. Akasema baba amekubali kupanda gari, hakukubali kupanda rimu. Ana hasira za baba yake.

Nimepata masuluhisho mawili. Kwanza, kupunguza uzito. Nimetoa tairi la akiba, jeki na spana, nimeviweka chini ya meza ya kukatia. Pili, nimechora njia ya kwenda ukumbini isiyo na kona hata moja ya kulia. Kushoto mwanzo mwisho. Inarefuka kidogo, lakini ina kivuli.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa nimetulia.

Suti imemkaa vizuri mno. Baba mkwe alitoka nyumbani, akalizunguka gari langu, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akashika nati moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimekaza. Akainuka, akanitazama, akaingia. Akaingia! Yeye na mama mkwe nyuma, shemeji, mke wa mwanyumba, katikati yao, mke wangu mbele. Mwanyumba akabaki na gari tupu, akatufuata.

Kushoto. Kushoto tena. Nilikuwa naendesha huku machozi yananilengalenga. Kushoto ya tatu, baba mkwe akauliza kama lile tanki la maji si lile tulilolipita mwanzo. Nikasema yanafanana. Kushoto ya nne akauliza kama usukani wangu una hitilafu upande wa kulia. Mke wangu akaangalia nje.

Kisha tukakuta barabara imefungwa kwa ukarabati, na mtu wa bendera ananielekeza kulia. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba mimi naenda kushoto. Akanionyesha shimo. Nikapiga moyo konde, nikakata kulia. Ikaja krrrr ndefu, halafu mlio kama wa kitambaa kinachopasuka. Huo naufahamu vizuri. Gari likainama.

Baba mkwe alishuka taratibu akilinda suruali. Akapitisha kidole kwenye bega la tairi, limechanika kama limepitiwa na mkasi. Akaomba tairi la akiba. Nikasema liko nyumbani. Akaomba jeki. Nikasema vyote viko pamoja, havijatengana. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mwanyumba akafika nyuma yetu, mwendo wake uleule. Baba mkwe, kwa mazoea ya kazi, aliinama kuangalia matairi yake kabla ya kupanda, na hapo ndipo nilipomwona anatabasamu kwa mara ya kwanza leo. Akasema haya sasa ndiyo matairi: saizi ya kwenye kibandiko, mifereji mizima, yamelika sawasawa pande zote. Akasema aliyeyatunza haya ana akili timamu.

Nikainama na mimi. Ubavuni kulikuwa na namba tatu, kwa chaki ya bluu.

Mwanyumba alisema aliyanunua kwa Presha juzi. Nilifungua mdomo. Lakini ili nizichukue sifa zile ningelazimika kueleza kwa nini matairi yangu yako kwenye gari lake, na mbele yangu palikuwa na tairi lililochanika. Nikaufunga. Wameondoka wote, pamoja na mke wangu. Mimi nimebaki na mtu wa bendera. Hotuba zote sikuzisikia. Imeniuma sana.

Jumapili, 9 Machi

Baba mkwe amekuja kwa miguu. Alikuja kunishukuru kwa suti. Alikaa saa nne za hotuba na hakuna uzi uliokatika. Akatazama gari, lililovutwa jana hadi nyumbani na bado limelala upande, akaniuliza nilipopima nafasi ya tairi nililipima gari likiwa limesimama au likiwa limekaa. Sikumwelewa. Akasema, "Suruali yangu ulinipima nimekaa, mwanangu. Gari ulilipima tupu."

Nikamletea kiti.

Akaniambia anajua yale matairi yalikuwa yangu, chaki ya bluu iko pia kwenye pindo la koti lake. Mwanyumba ameshakubali kunirudishia manne yote, yeye alikuwa na mengine. Nikiyafunga hayo, Jumamosi ijayo mimi ndiye nitakayempeleka kwa daktari wa macho. Hakusema kwa ajili ya mama yenu. Alisema atapanda.

Jumatano, 12 Machi

Matairi yamerudi, na yamekaa kwenye gari tangu jana mchana. Kusema kweli ni visahani vya chai.

Maneno ya baba mkwe yameniingia. Leo nimewaketisha majirani watatu wanene kiti cha nyuma na mke wa mmoja wao mbele, nikapima upya kwa futi, gari likiwa limekaa kabisa. Vidole vitatu! Maana yake rimu za inchi kumi na sita zinaingia bila shida, na Presha anazo, za fedha tupu. Alianza habari za kibandiko, nikamwambia mkaguzi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupima. Tumebadilishana. Nilizibeba kwa mkokoteni nikazifunge nyumbani, na mkokoteni ukampelekea yangu, maana alikuwa na maneno mengi.

Zinang'aa hadi sebuleni. Tairi la akiba nimeliacha chini ya meza, uzito ni uzito. Nati nimezipiga bandi tu kwa leo. Nitazimalizia Jumamosi asubuhi, kabla baba hajafika.