Kilo Saba za Mama Mkwe

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Natanguliza salamu, maana malalamiko yasiyotanguliwa na salamu ni ugomvi, na mimi si mgomvi. Mimi ni mstaafu wa idara ya mizani na vipimo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka madukani, sokoni na kwenye maghala kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Mtaani wananiita Bwana Gramu, na sijawahi kuchukia, kwa sababu gramu ni kipimo halali.

Nakuandikia kuhusu makala yako ya tarehe 6 Februari, ile iliyofundisha namna ya kuchagua kibanda chepesi cha kulala kwa ajili ya pikapu ndogo. Mimi huandika shajara, na siku hiyo niliandika: "Makala nzuri sana. Nimeikata na kuihifadhi." Leo nasema, kwa heshima zote, kwamba makala hiyo imeleta mtafaruku nyumbani kwangu, nami naomba uwajibike.

Kwanza ujue hali yetu. Tuna pikapu ndogo, mali ya mke wangu, ambaye aliendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu. Mimi sijui kuendesha. Mimi nasoma ramani. Mama yake anaishi nasi, na ana dada mmoja tu aliyebakia duniani, mkubwa wake, ambaye yuko mbali sana na hawezi tena kusafiri. Ndipo tukaazimia kununua kile kibanda kinachokaa juu ya bodi la pikapu, chenye kitanda, meza na jiko, tuende kumwona, maana njia ile ni ndefu na nyumba za wageni ni za kubahatisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliandika kwamba mnunuzi aanze na gari, si na kibanda, ajue kwanza gari lake linabeba nini. Ushauri ni mzuri ila ulichelewa. Nilikuwa nimeshakubaliana na jirani yetu seremala atutengenezee kibanda cha mbao ngumu, naye alikuwa ameshachora hata kabati la vikombe. Baada ya kukusoma nilikwenda kukagua kile kibati kilichobandikwa mlangoni mwa gari, nikakuta kwamba pikapu yetu inabeba kilo mia tano, watu wakiwemo. Kibanda cha seremala, kikiwa kitupu, kingekula mia nne. Nilimwomba apunguze unene wa mbao, akapunguza. Nikamwomba aondoe kabati, akaondoa kwa shingo upande. Nilipomwomba aondoe na sakafu, kwa hoja kwamba bodi la gari ni sakafu tosha, aliweka randa chini akanitazama. "Bwana Gramu," akasema, "unataka nyumba au unataka mwavuli?" Tangu hapo ananisalimia kwa kidevu tu. Ujirani huo wa miaka mingi, Ndugu Mhariri, umeharibika kwa aya yako ya pili.

2. Uliandika kwamba vibanda vyepesi viko vya namna mbili: cha faiba chenye kuta zisizokunjika, na cha paa la kuinua chenye kuta za turubai. Hukuandika kwamba mume na mke wanaweza kugawanyika hapo. Mke wangu alitaka faiba, kwa sababu turubai, alisema, haisitiri mkoromo. Hakutaja mkoromo wa nani. Mimi nilitaka turubai, ambayo ni nyepesi zaidi kwa kilo hamsini. Wewe ulishauri mnunuzi "ajaribu kuishi ndani kabla ya kuamua". Kwa kuwa muuzaji asingekubali tuhamie dukani kwake, nilikichora kibanda kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, kipimo kwa kipimo, kitanda, meza, jiko na mlango, kisha nikaiomba familia iishi humo kwa wiki moja.

Mke wangu aliishi humo kwa muda wa kunywa chai, akatoka. Mama mkwe ndiye aliyenichanganya. Siku ya kwanza alikatisha sebuleni na kikombe chake, nami nikamjulisha kwa adabu kwamba amepita ukutani. Akaurudia ukuta, akauomba radhi. Kuanzia hapo, kila anapotaka kuingia husimama kwenye mstari, hugonga hewa kwa kidole, hupiga hodi, na hatii mguu mpaka nimkaribishe. Wageni wakija huwaonyesha mlango uliko na kuwaonya wasiegemee turubai. Mpaka leo sijajua kama ananitii au ananicheka, na makala yako haina aya inayosaidia kutofautisha. Mwishowe turubai ilishinda na kibanda tumekinunua, lakini chaki bado ipo, maana anayepiga deki ni mke wangu, na amesema hawezi kubomoa nyumba ya watu.

3. Uliandika kwamba baada ya kibanda, adui ni vikorokoro, na kwamba kila kinachopanda garini kipimwe. Ndugu Mhariri, hilo huwezi kumwambia mtu wa taaluma yangu halafu ukalala usingizi. Niliazima mzani wa magunia kwenye ghala la nafaka, nikaukagua kwanza, nikaurekebisha, nikauweka uani. Nilipima sufuria zote, na zile nzito zikarudishwa kabatini. Nilipima mito, nikashauri tulalie nguo. Nilikata mpini wa ufagio nusu, hivyo sasa mke wangu anafagia ameinama huku akisema maneno ambayo hayafai kwa gazeti la familia. Nilipima chumvi ndani ya kopo, kisha kopo bila chumvi, tukaamua kwamba chumvi isafiri kwenye karatasi.

Ulipofika wakati wa kupima abiria, mke wangu alivua hereni, akanikabidhi mojamoja, akasema hataki gari la watu livunjike kwa sababu ya urembo wake. Uzito wake siuandiki hapa. Nimeishi naye vizuri na ningependa kuendelea.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Nilijumlisha kibanda, maji, mtungi wa gesi, vyombo, matandiko, mabegi na mke, nikaona zimebaki kilo arobaini na moja. Nilikuwa bado natafakari namna ya kulianza suala la mama mkwe, nikamwona anapanda mzani mwenyewe bila kuitwa, na kifurushi kifuani. Nilimwomba akiweke chini tukipime peke yake. Akakataa. Alisema ndani mna shali aliyomfumia dada yake, na shali hiyo haiendi popote bila yeye, wala yeye bila shali, kwa hiyo wahesabiwe kitu kimoja. Mzani ukasoma arobaini na nane.

Zilizidi kilo saba. Nilianza kumweleza habari za springi, matairi na breki kwenye miteremko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyomsikiliza daktari ambaye tayari ameamua kutomfuata. Kisha akasema, "Mkwe wangu, dada yangu hasikii tena kwenye simu. Nikitaka anisikie, lazima nimshike mkono."

Lakini kilo ni kilo, Ndugu Mhariri. Nimewafungia watu maduka kwa upungufu mdogo kuliko huo. Nitawezaje leo kuzifumbia macho kilo saba kwa sababu tu nazipenda?

5. Kutokana na hayo, nimefikia uamuzi kwamba kilo saba hizo ni zako. Hoja yangu ni nyepesi. Kabla ya makala tulikuwa watu na gari letu, na hakuna aliyezidi. Baada ya makala, mama mkwe amezidi. Yeye hajanenepa, gari halijasinyaa; kilichoongezeka ni makala. Basi mwenye makala ndiye mwenye kilo, naye azichukue.

Naomba ufanye moja kati ya haya. Ama uchapishe, kwa herufi nene, kwamba kibanda chepesi kwa sheria ni cha watu wawili na mama mkwe haruhusiwi, ili habari hiyo itoke gazetini na si kinywani mwangu, kwa maana nakula naye meza moja na ndiye anayenipakulia. Kama sheria hiyo haipo, iombe wizara iitunge. Mimi niko tayari kuandaa rasimu. Ama gari lenu la kusambaza magazeti, ambalo najua linapita njia ileile, limbebe. Hana makuu na hapendi kusimama njiani ovyo. Nimepima mafungu mawili ya toleo lenu la Jumapili kwa muuza magazeti, yanamzidi, na hayana habari nyingi kama alizonazo yeye. Ama, yakishindikana yote, uje nyumbani mwenyewe umweleze ana kwa ana kwamba abaki. Atakukaribisha vizuri sana, na hiyo ndiyo itakuwa adhabu yako.

Nitashukuru kupata jibu mapema, kwa kuwa safari iko karibu na mama mkwe ameshaanza kuaga majirani.

Nisalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mchora katuni, dada wa mapokezi ambaye amepokea simu zangu kwa uvumilivu, na yule anayetunga fumbo la maneno, mwambie la wiki iliyopita lilikuwa gumu bila sababu. Jamaa zako nyumbani pia wasalimie, hasa mkweo kama unaye.

Wako katika vipimo vilivyo sahihi,

Mkaguzi Mstaafu (Bwana Gramu)

Tanbihi, tarehe 2 Machi. Nilimpa mke wangu barua hii aisome kabla sijaibandika stempu. Alifika namba nne, akarudi nyuma, akasoma tena taratibu. Kisha akauliza, "Na wewe, baba, umejipima lini?"

Ndugu Mhariri, mkaguzi hapandi mzani. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa kazini: simama pembeni, mikono nyuma, hata shati lako lisiguse sahani. Nimesimama pembeni maisha yangu yote. Begi langu nililipima, kilo tisa; mwenye begi sikumpima. Nilipanda. Nina themanini na tatu. Kwa hiyo hata mama mkwe akibaki, gari linazidi kilo arobaini na mbili, na zote ni mimi. Tukishuka mimi na begi langu, mama mkwe anaenea na kilo mbili zinabaki.

Mama mkwe aliposikia alianza kukifungua kifurushi. Alisema mke husafiri na mumewe, na kwamba yeye kusubiri amekuzoea. Nilikitoa mikononi mwake, nikakifunga mwenyewe, mafundo mawili.

Wameondoka leo asubuhi, mke wangu usukani, mama yake kando ameishika ramani kichwa chini. Gari limepanda kilima cha mtaani kwetu bila kuguna. Malalamiko yote matano nayaondoa, na barua usiichapishe. Ila ukipata nafasi niandikie, hata mistari miwili. Kibanda chepesi nilikipata. Nyumba nyepesi hivi sijaizoea.