Nani wa Mwisho kwa Frutos?

Jumanne, 4 Novemba

…lakini mke wangu Henar haelewi kwamba sikushindwa. Nilicheleweshwa tu! Saa nzima na nusu nimesimama wima mbele ya bucha ya Frutos nikingoja foleni ianze. Haikuanza. Kina mama wanaingia, wananong'ona kitu, wanakaa kwenye benchi kusimulia magoti yao, na ghafla kila mmoja anahudumiwa. Mimi, hapana. Miaka mitano hapa Segovia, Uhispania, nikila kantini ya ghala na Wabulgaria wenzangu, siku kumi na moja za ndoa, na sijui kununua nyama!

Na si nyama ya mchezo. Mama mkwe wangu, Mama Fuencisla, ameapa hatakanyaga kwetu mpaka nimpikie bega la mwanakondoo la kwa Frutos, nililolinunua mwenyewe. Eti mwanamume asiyejua kununua kwa Frutos bado ni mgeni mjini. Henar wangu ameshapanga kiti cha mamake. Kila jioni anakipangusa vumbi. Moyo unaniuma!

Jumatano, 5 Novemba

Nimejifunza neno! Tumekaa jikoni, miguu ya Henar mapajani mwangu, akanifundisha neno la Kihispania, vez. Maana yake ni mara: mara moja, mara mia. Ni zamu pia: ukifika bucha unauliza nani wa mwisho, anayejibu ndiye aliye mbele yako, na tayari unayo vez yako. Kumbe foleni ipo, ila imo vichwani mwao! Ongeza kaneno mbele yake inakuwa labda, inakuwa wakati mwingine, inakuwa badala ya. Neno moja, nyumba nzima yenye vyumba! Nikambusu kwa kila maana. Akasema mwanafunzi huyu atafeli. Nikaomba turudie somo tangu mwanzo.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeuliza nani wa mwisho kwa sauti ya kiongozi wa kwaya. Bucha nzima ikageuka. Aliyejibu ni Bi Visitación wa ghorofa ya chini ya jengo letu, mshirika wa mama mkwe katika karata. Akanikagua kuanzia viatu. Ilipofika zamu yake akachukua bega la mwisho, akaniambia nisihuzunike mwanangu, ndoa changa hushiba mayai.

Mayai!

Frutos akanipoza: Jumamosi asubuhi ataleta mabega sita. Mama Fuencisla amepigiwa simu. Atakuja Jumapili mchana, akasema, kama bega lipo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango wangu ni wa kipekee. Kama foleni haionekani, mtu anaweza kuwa kwenye foleni nyingi kwa pamoja! Nitashika zamu kwa Frutos, kisha kwa muuza mkate, kisha kwa muuza maua, niwe nazunguka kama mfalme. Henar akanionya: usiondoke kabla hajafika mtu nyuma yako ukamwambia unarudi, maana wa mwisho ndiye anayeishikilia foleni yote. Nikasema ndiyo, ndiyo. Ila alikuwa anacheka, na akicheka shavu lake la kushoto hubonyea. Nani angesikia?

Jumamosi, 8 Novemba

Nilifika mapema. Watatu tu mbele yangu, mabega sita. Ushindi! Nikashika zamu, nikakimbilia maua.

Niliporudi na waridi kumi na mbili, bucha ilikuwa vitani. Mwanamke wa kwanza kuingia baada yangu aliuliza nani wa mwisho, kimya. Wa pili akauliza. Wa kwanza akasema si yeye, yeye hakupokea zamu kwa mtu. Wakafika wengine kumi na mmoja, na kila mmoja akajitangaza yuko mbele ya mwenzake. Frutos kaweka kisu chini, kakunja mikono, akasema hakati hata mfupa mpaka wajipange. Bi Visitación akapanda juu ya benchi kama hakimu, akataja kwa kumbukumbu nani alifika lini, na kavaa skafu gani. Hakukosea hata mmoja. Ila mimi alinitaja wa mwisho. Nikapinga. Akauliza wa mwisho gani huyo anayekwenda kunusa maua? Bucha yote ikaangua kicheko.

Mabega yaliisha nikitazama. Frutos akanifungia utumbo, akasema pole, bwana harusi.

Jumapili, 9 Novemba

Kiti kimebaki kitupu. Henar alikula utumbo, mara akaanza kucheka mpaka akashika meza, akasema hajawahi kuolewa na mtu aliyesimamisha soko. Nampenda mpaka masikio yananiwasha!

Saa kumi simu ikalia. Mama Fuencisla! Bi Visitación alimsimulia yote kabla ya misa. Kacheka, anasema, mpaka meno ya bandia yakalegea, na mtu wa vioja hivyo lazima amwone akiwa kazini, pale bucha, kwa macho yake. Nikishalipata bega, atakuja kula kwetu.

Nimeng'amua kosa langu: wateja ni wengi mno kukumbukana. Jumamosi ijayo nitawagawia vikaratasi vyenye namba, vya rangi, nimevikata tayari mia moja. Bi Visitación atanishukuru. Nikiwagawia wote, nitapata na nafasi ya kukimbilia keki.

Henar anapangusa kiti tena, huku akiimba. Mama anakuja kabla mwezi haujaisha!